UZI: Miezi mitatu Oman bila haraka. Halua, marashi ya mawaridi, kofia za viua, ubani (vipimo, hatua na makosa)

#1 PishiLaPwani

Wakuu, assalaam alaykum na habari za majukumu.

Uzi huu ni wa anayekwenda kukaa Oman, si wa kupita wiki moja. Aliyeitwa na ndugu, anayemsindikiza mgonjwa mwenye kliniki za kurudia, aliyemfuata mwenzake mwenye mkataba wa kazi, mstaafu aliyeamua kupumzika. Maduka makubwa ya Muscat unayamaliza siku tatu. Baada ya hapo kilichobaki ni vile vitu vinavyodai muda: halua ya kukorogwa saa mbili, marashi ya kutuamishwa siku arobaini, kofia ya kushonwa wiki sita. Mwenye wiki moja atanunua. Mwenye miezi mitatu anaweza kuondoka na kazi mkononi, na ndiyo maana nasema siku zipangwe kwa kufuata kazi hizi, matembezi yajipachike katikati.

Msemaji wa Kiswahili ana mlango ambao wageni wengine hawana. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja karne ya 19, na baada ya 1964, hasa kuanzia 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilirudi huko na Kiswahili chao. Mpaka leo utakisikia Muscat majumbani na sokoni. Kwa mtu mzima anza na salamu ya dini. Akikujibu kwa Kiswahili, shikamoo yake iko palepale. Jikoni mwa bibi wa namna hiyo utafundishwa mambo ambayo hayapo kwenye darasa lolote la kulipia.

Msimu: bora ni mwisho wa Februari mpaka katikati ya Mei. Joto bado linavumilika, na mawaridi ya milima ya Jabal Akhdar huchanua kati ya mwisho wa Machi na Mei mwanzoni. Juni mpaka Agosti Muscat inapita nyuzi 40, kazi ya moto haifanyiki kwa raha. Salalah iko tofauti, khareef (msimu wa mvua za kiangazi) huiletea ukungu na manyunyu kuanzia karibu na mwisho wa Juni mpaka Septemba, lakini ni kama kilomita 1,000 kutoka Muscat, kwa hiyo ipangie wiki nzima. Tazama pia Ramadhani inaangukia wapi: mchana hakuna kula hadharani, maduka mengi yanahamia usiku.

Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Soko la Mutrah, Muscat, hufunga kama saa saba mchana na kufungua tena alasiri mpaka usiku. Ijumaa asubuhi usijisumbue. Rial moja ni baisa 1,000, na ni kama dola 2.60, hivyo ukisikia "rial tano" usiione ndogo.

Wenye ujuzi wa kila kitu kivyake wakaribie. Tuanze na halua.

#2 MwikoMrefu

Ahsante mkuu kwa kuufungua. Halua ya Oman na ya Unguja ni ndugu: wanga, sukari, samli, zafarani, iliki, marashi. Viwandani wanapika kwenye mirjal, sufuria kubwa la shaba nyekundu, na mwiko hausimami kwa saa mbili na zaidi. Wapishi wanaoshika desturi bado wanatumia kuni za mgunga. Kwa jiko la nyumbani vipimo hivi vinatoa kama kilo moja:

Wanga gramu 150
Maji baridi ya kuvurugia wanga, mililita 400
Sukari gramu 500 (100 kati ya hizo za kuunguza kupata rangi)
Maji ya shira, mililita 800
Samli gramu 200
Zafarani robo kijiko cha chai, iloweke kwenye marashi vijiko vitano vya chakula
Iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, kungumanga robo kijiko
Lozi au korosho gramu 100
Maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai

Vuruga wanga na maji baridi, chuja, uache pembeni. Weka gramu 100 za sukari kavu kwenye sufuria zito, moto wa wastani, mpaka iyeyuke na kuwa rangi ya asali nyeusi. Mwagia maji ya shira taratibu, ukiwa umesimama mbali kidogo maana itaruka. Tia sukari iliyobaki na ndimu, chemsha mpaka hakuna chembe.

Sasa punguza moto. Vuruga wanga upya, kwa sababu utakuwa umetuama chini, kisha umimine kama uzi mwembamba huku mkono wa pili ukikoroga. Ndani ya dakika tano utaona uji mzito mweupe-mweupe. Endelea. Ukianza kung'aa na kupitisha mwanga, tia theluthi ya samli. Ikishanyweka, theluthi ya pili. Ikishanyweka, ya tatu.

Kuanzia hapo ni mwiko tu, dakika 60 mpaka 75 kwa kipimo hiki. Usikoroge kwa kuzungusha peke yake. Kwangua kitako kutoka ukingo mpaka ukingo, kama unafagia. Zafarani na marashi yake, iliki na kungumanga vinaingia dakika kumi za mwisho, lozi mwisho kabisa.

Ishara ya kuiva ni samli. Halua inayokaribia inajikusanya, inaachana na sufuria, na ile samli iliyokuwa imenyweka inaanza kutoka tena pembeni inameta. Chukua tone, litie kwenye maji baridi: likishika umbo na lisigande vidoleni, ipua. Samli iliyozidi imwage au uihifadhi kwa halua nyingine.

#3 MgeniWaSeeb

MwikoMrefu, shukrani. Je, halua ikibaki laini kama uji mzito hata baada ya saa nzima, tatizo ni moto au wanga? Na wanga wa mahindi na wa mhogo ni sawasawa?

#4 MwikoMrefu

Ndugu, zipo sababu tatu, na kila moja ina alama yake.

Ya kwanza ni ndimu nyingi. Asidi kidogo inazuia sukari kurudi chembechembe, lakini ikizidi inaukatakata wanga wenyewe, na wanga uliokatika haushiki tena hata upike mpaka asubuhi. Alama: mwanzo ilikuwa nzito, kisha ikalegea huku unaendelea kupika. Hiyo haiponi.

Ya pili, maji hayajatoka. Alama: samli inaelea juu tangu mwanzo, hainyweki. Ongeza moto kidogo, endelea. Sufuria pana husaidia kuliko refu.

Ya tatu, wanga ulimwagwa kwenye shira inayochemka kwa nguvu. Nje ya bonge panaiva, ndani panabaki unga mkavu, basi nusu ya wanga haifanyi kazi. Ukiona mabonge katika dakika za mwanzo, pitisha yote kwenye chujio la waya, rudisha motoni.

Wanga wa mhogo unatoa halua inayovutika na kung'aa, lakini haina subira: ukiacha mwiko dakika moja inaungua chini. Wa mahindi unakatika kwa kisu vizuri na kusimama haraka, ila baada ya siku kadhaa unakuwa mkavu na kutoa maji. Nusu kwa nusu ni mapatano mazuri. Na halua isiwekwe kwenye friji. Baridi inaugandisha wanga na kuifanya kama mpira. Weka kwenye chombo kilichofunikwa, mahali pakavu. Ikishakuwa ngumu, ipashe kwa moto mdogo na kijiko cha maji.

Chembe chembe mdomoni kama mchanga: ni sukari iliyorukia kuta za sufuria ikakauka, kisha ikaanguka ndani. Futa kuta kwa brashi iliyolowa maji wakati wa shira.

#5 BintiWaMikarafuuni

Niongeze la kahawa, maana halua bila kahawa haijakamilika huko. Mezani tende au halua inatangulia, kahawa inafuata chungu, haina sukari. Kwa lita moja ya maji: buni iliyokaangwa kahawia hafifu, ikasagwa kwa chenga, vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa. Chemsha dakika kumi kwa moto mdogo, ipua, acha dakika tano itulie. Iliki ya kutwanga kijiko cha chai weka ndani ya dele (birika la kahawa) kwanza, kisha mimina kahawa ya juu bila machicha. Ukitaka, zafarani nyuzi kadhaa au tone la marashi, si vyote viwili kwa wingi.

Finjani inamiminwa kidogo, theluthi hivi, kwa mkono wa kulia unapokea na wa kulia unarudisha. Usipotikisa finjani wakati wa kurudisha, utamiminiwa tena na tena. Kutikisa ndiko kusema "imetosha".

#6 MrashiWaShaba

Dada umetaja marashi, niingie hapo hapo.

Jabal Akhdar, uwanda wa Saiq, ni kama mita 2,000 juu ya bahari. Vijiji vya Al Ayn, Al Aqr na Ash Shirayjah vina vipande vya mawaridi kwenye matuta, vikinyweshwa kwa falaj, yaani mifereji ya jadi. Kabla ya kupanda kuna kizuizi cha polisi Birkat al Mawz: gari lisilo na nguvu za magurudumu manne halipiti, hata dereva awe hodari vipi. Asiye na gari hilo apange na dereva wa Nizwa.

Maua yanachumwa alfajiri, kabla ya jua kukausha harufu. Kwa hiyo lala huko huko juu. Anayefika saa nne asubuhi atakuta vikapu vimeshajaa.

Ukeneko wa zamani (kukusanya marashi kutoka kwenye mvuke) uko hivi: tanuri la udongo lenye matundu juu, kila tundu limekaa chungu kiitwacho burma. Petali ndani ya chungu. Juu ya petali kinaning'inia au kukaa chombo kidogo cha shaba kitupu. Mdomo wa chungu unafunikwa na bakuli la shaba lililojaa maji baridi. Mvuke unapanda, unagonga kitako cha bakuli baridi, unageuka matone, yanadondoka kwenye chombo cha ndani. Maji ya juu yakipata joto yanabadilishwa. Basi, hakuna siri nyingine ila uangalifu. Marashi haya yanatoka na harufu ya moshi na rangi hafifu ya chai, ndiyo sifa yake. Hutuamishwa vyomboni mpaka kama siku arobaini kabla ya kuuzwa.

Jikoni kwako fanya hivi. Sufuria la lita tano lenye kifuniko cha mbinuko. Weka kigae au jiwe safi katikati, juu yake bakuli la kioo linalostahimili moto. Zunguka jiwe kwa petali gramu 300 na maji lita moja na robo. Maji yasifike kwenye mdomo wa bakuli. Geuza kifuniko juu chini ili kishikio kiangalie bakuli. Ziba ukingo kwa unga uliokandwa kama wa chapati. Juu ya kifuniko weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki, ndipo kubadilisha kunakuwa rahisi: unatoa mfuko, unaweka mwingine.

Moto mdogo kabisa, maji yatetemeke tu. Ukikusanya mililita 300 simama. Kanuni rahisi ni gramu moja ya petali kwa mililita moja ya marashi. Ukiendelea kupita hapo unakusanya maji matupu na kuyamimina juu ya marashi mazuri.

#7 MgeniWaSeeb

Mawaridi ya dukani, yale ya kufungia zawadi, yanafaa?

#8 MrashiWaShaba

Kwa chakula hapana kabisa. Yamepuliziwa dawa, na mengi yamezalishwa kwa uzuri na kudumu, harufu haina. Tafuta waridi la harufu, lile la pinki lenye petali laini, au petali kavu za kula gramu 80 badala ya 300 mbichi.

Makosa mengine: harufu ya mboga iliyochemshwa inatokana na moto mkubwa. Harufu ya kuungua, maji yaliisha chini. Marashi yenye ukungu baada ya wiki mbili, chupa haikuchemshwa au ilikuwa na maji ndani. Chemsha chupa, ikauke juu chini, jaza mpaka shingoni, weka frijini. Ya nyumbani yatumie ndani ya miezi michache. Ukiyatia kwenye mrashi wa kunyunyizia wageni, tia ya siku ile tu, usirudishe mabaki kwenye chupa.

#9 KiuaKwaKiua

Wakuu, niliusubiri upande wa kofia. Ile kumma unayoiona Oman vichwani, mitaani na msikitini, ni kofia yetu ya viua (vitundu vilivyozungushiwa uzi) ya mwambao, iliyovuka bahari na watu waliorudi. Ndiyo maana fundi akikuonesha kazi, mwenye macho ya Unguja au Lamu ataijua.

Mashine sasa zinatoa kofia kwa maelfu. Kuitambua ya mkono: geuza ndani. Ya mashine ina uzi wa pili unaokimbia nyuma mstari mmoja, na matundu yote yamefanana kama yamepigwa muhuri. Ya mkono, nyuma yake ni safi karibu kama mbele, na kila kiua ukikitazama juani kimezungukwa kipekee.

Kwa anayetaka kushona yake mwenyewe (kazi nzuri mno ya alasiri za joto, unakaa chini ya feni, kahawa pembeni):

Nguo ni bafta au pamba nyeupe iliyosokotwa kwa kubana. Ifue kwa maji moto kwanza, ikauke, uipige pasi. Asiyefua mapema atapata kofia ya mtoto baada ya kufua mara ya kwanza.

Pima kichwa juu kidogo ya masikio. Tuseme sentimita 57. Ongeza moja ya nafasi, 58. Ukanda wa pembeni utahitaji 58 na mbili za mishono, jumla 60. Duara la juu: gawa 58 kwa 3.14, unapata kipenyo cha 18.5, na mishono 20.5. Lakini USIKATE kwa vipimo hivyo mwanzo. Kila kiua kinavuta nguo kidogo, na viua mamia vinaivuta sana. Kata ukanda wa 64 kwa 13 na duara la 23, shona mapambo yote, kisha pima upya na ukate. Kila kipande kiwe tabaka mbili. Ukanda uufuate uzi wa nguo wima, usikatwe mshazari, utatanuka.

Chora ua kwa penseli ngumu, hafifu. Kalamu ya wino inarudi kila ukifua. Shikiza tabaka mbili kwa bandi (mishono mirefu ya muda) kila baada ya sentimita tatu, pande zote mbili.

Sasa kiua. Kwa ncha ya shazia (sindano kubwa) iliyo nyembamba, penya tabaka zote mbili na uzungushe. Unachofanya ni kusogeza nyuzi za nguo zikae pembeni, usizikate. Nyuzi zilizokatwa zitachomoka baada ya kufua mara tano na tundu litakuwa jicho la paka. Tundu liwe la milimita mbili hivi. Chukua uzi wa kudarizi, ule wa nyuzi sita, tenga mbili. Sindano nyembamba, namba 9 au 10. Ingia kutoka nje kuja tundu, zunguka mishono minane mpaka kumi, kila mshono uvute kwa nguvu ileile. Ukivuta mmoja sana tundu linakuwa la mraba. Kisha pita chini ya nguo kwenda kiua kinachofuata, kama kiko karibu chini ya nusu sentimita. Zaidi ya hapo kata uzi, vinginevyo utaonekana kupitia tabaka.

Pale panapotakiwa pasimame, kati ya mistari miwili ya mishono ingiza uzi mnene wa pamba kwa shazia, katikati ya tabaka. Uzi huo ndio unaoipa kofia mbavu.

Muda: kiua kimoja dakika tatu mpaka nne kwa anayeanza. Kofia ya viua 600 ni saa 30 mpaka 40. Ukishona saa moja kila alasiri, wiki sita zinatosha pamoja na kuunganisha.

Kuunganisha: mshono wa nyuma wa ukanda kwanza, kisha gawa ukanda na duara robo nne kwa pini, shona kuanzia pini mpaka pini. Anayeanza sehemu moja na kuzunguka lazima amalize na mkunjo.

#10 BintiWaMikarafuuni

KiuaKwaKiua, maashaallah. Na kupiga kanji? Wengi wanaiharibu kofia nzuri hapo.

#11 KiuaKwaKiua

Kweli dada. Kijiko kimoja cha chakula cha wanga, vuruga na maji baridi kidogo, mimina juu yake nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka ung'ae, acha upoe. Tumbukiza kofia iliyofuliwa ikiwa bado na unyevu, kamua kwa kubana na taulo, usiisokote. Ivishe kwenye bakuli lililogeuzwa au kopo lenye mzingo uleule. Ikikaribia kukauka chukua sindano butu, zibua viua vilivyozibwa na kanji kimoja kimoja. Kanji ikikauka ndani ya tundu ikapigwa pasi, inakuwa ya njano.

#12 ChetezoChaUdongo

Nami nigusie ubani na udi, kwa sababu sokoni Mutrah na Salalah mgeni anauziwa vumbi.

Ubani ni utomvu wa mti uitwao kitaalamu Boswellia sacra, unaoota Dhofar, kusini mwa Oman. Fundi anakwangua gome kwa kisu maalumu kiitwacho mangaf, utomvu mweupe unatoka, anauacha ukauke wiki kadhaa, anarudi kukusanya na kukwangua tena. Vuno la mwanzo si la kujivunia. Bora ni la baadaye. Wadi Dawkah, bonde la miti hii, limo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na ukifika usiguse gome kwa kisu chako.

Sokoni utasikia hojari, najdi, shazri na sha'bi. Hojari ni wa bei ya juu: punje kubwa, nyeupe au kijani hafifu, ukiinua juani mwanga unapenya. Wa kahawia uliochanganyika na magome ni wa kufukiza nje. Ukinunua, toa punje moja, isugue kati ya vidole: inafaa inukie kama ndimu na msonobari bila moto. Ule ulioshikana mkono mzima kama bonge umewahi kupata joto la gari.

Kufukiza: makaa yawe yamefunikwa na majivu ya kijivu kote. Yale ya vidonge vya kuwaka haraka yana dawa ya kuwashia. Ukiweka ubani kabla haijaisha, chumba kinanuka baruti. Tandaza majivu kidogo juu ya kaa, kisha punje mbili. Moshi mweusi maana yake joto limezidi na unachoma utomvu badala ya kuufukiza. Na dirisha liwe wazi, makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua.

Udi wa kupika, kwa anayependa kujitengenezea: sukari gramu 200 na marashi mililita 100 kwenye sufuria mpaka ivute uzi na iwe kahawia nyepesi. Ipua. Tia chenga za udi gramu 50 na unga wa sandali gramu 50, changanya. Subiri mpaka sufuria iguswe kwa mkono, ndipo utie mafuta ya manukato mililita 15. Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, vunja ukipoa, funga kwenye chupa wiki mbili angalau. Usitie manukato ya kupulizia, yana spiriti, kwenye sufuria la moto yanawaka. Sukari ikiwa nyeusi itafunika kila harufu, anza upya. Udi na mafuta huuzwa kwa tola, na tola ni gramu 11.7 hivi, muulize muuzaji apime mbele yako.

#13 PishiLaPwani

Wakuu mmeujaza uzi. Niweke ya Nizwa, kwa sababu siku mbili huko zinakusanya mengi.

Ondoka Muscat Alhamisi mchana, ni kama kilomita 160. Lala Nizwa. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi uwe kwenye mnada wa mbuzi: wanunuzi wamekaa na kusimama duara, wauzaji wanazungusha wanyama katikati wakitaja bei. Saa tatu shughuli imepungua. Usisimame ndani ya njia ya wanyama. Kisha ingia soko la halua na la mafundi wa fedha, ambako majambia, yaani khanjar, bado yanatengenezwa na kukarabatiwa. Ufundi huo uliandikwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika 2022. Kabla ya sala ya Ijumaa kila kitu kinafungwa.

Jumamosi nenda Bahla, chini ya saa moja mbele. Ngome yake ni urithi wa dunia tangu 1987, lakini kwa uzi huu twende kwa wafinyanzi.

#14 MgeniWaSeeb

Mtungi wa Bahla wa kupozea maji unauandaaje? Na unafaa kusafirishwa?

#15 MtungiMpya

Ndugu MgeniWaSeeb, mtungi wa maji, wao wanauita jahla, haupakwi rangi ya kung'aa wala haukai umezibwa. Maji yanapenya ukuta, yanakauka nje, na kukauka huko ndiko kunakopoza yaliyo ndani. Kwa hiyo unapochagua, gonga kwa kifundo cha kidole: mlio wa kengele, haujapasuka na umeiva, mlio wa gogo, una ufa au umechomwa nusu. Jaza maji palepale dukani dakika kumi. Jasho jembamba kote ni jema. Tone linaloshuka sehemu moja ni ufa.

Nyumbani uzamishe wote kwenye ndoo saa 24, mwaga, jaza, mwaga tena siku tatu mpaka ladha ya udongo ipungue. Usitumie sabuni hata siku moja, ukuta unainywa na utaionja miezi. Ukiona unga mweupe nje, ni chumvi ya maji. Isugue kwa brashi kavu ya katani, la sivyo inaziba matundu na mtungi unaacha kupoza. Uning'inize penye upepo na kivuli. Muscat wakati wa unyevu mwingi wa kiangazi hautapoza sana, kwa sababu hewa imeshashiba maji. Bara kavu kama Nizwa unafanya kazi vizuri.

Kusafirisha: jaza nguo ndani mpaka shingo, nje tabaka tatu za nguo, katikati ya sanduku gumu. Shingo ndiyo inayokatika, si tumbo.

#16 MwikoMrefu

Kabla sijasahau shuwa, maana wengi watakuwa huko Idi. Ya asili: nyama ya mbuzi au kondoo inapakwa viungo, inafungwa majani ya mgomba, inatiwa kwenye gunia la kusukwa kwa makuti ya mtende, inashushwa shimoni juu ya makaa na kufukiwa siku moja mpaka mbili. Shimo linafunikwa bati na udongo mbichi. Ukiona moshi unatoka pembeni, tia udongo hapo haraka. Palipo na moshi pana hewa inayoingia, na hewa ikiingia nyama inageuka mkaa.

Kwa oveni, mguu wa mbuzi kilo mbili na nusu: kitunguu thomu punje kumi, giligilani vijiko viwili vya chakula, bizari nyembamba kimoja, pilipili manga, mdalasini na iliki kijiko cha chai kila kimoja, karafuu nusu, pilipili nyekundu kwa upendavyo, siki vijiko vinne, mafuta vinne, chumvi vijiko viwili vya chai. Chanja nyama, paka, ikae frijini saa 24 mpaka 48. Funga majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yalainike, kisha foili tabaka mbili. Nyuzi 150, saa tano mpaka sita. Ukifungua mapema kuangalia, mvuke unatoka na nyama inakauka. Fungua mara moja tu, mwisho.

#17 BintiWaMikarafuuni

Mkuu, na kurudi nyumbani na vitu hivi ndege inaruhusu?

#18 PishiLaPwani

Dada, halua, marashi na mafuta ni vimiminika kwa macho ya usalama wa uwanja, kwa hiyo vyote kwenye begi la chini. Halua iwe kwenye kopo la bati, lifunge kwa plastiki kisha nguo, samli ikivuja inaharibu sanduku zima. Khanjar begi la chini, na risiti mkononi. Ubani na udi havina shida, ila vifunge mifuko miwili, la sivyo nguo zako zote zitanukia Dhofar mpaka Dar.

Kofia iliyopigwa kanji usiikunje. Ijaze soksi ndani, iingize kwenye sufuria ndogo, na sufuria hiyo ikae katikati ya sanduku.

#19 KiuaKwaKiua

Na sindano na shazia viende begi la chini pia, mkuu. Atakayetaka kuendelea kushona ndani ya ndege achukue ile kazi ya bandi tu, na aulize shirika lake kabla.

#20 MgeniWaSeeb

Nimepima, kichwa sentimita 59. Ukanda nikate 66 na duara 24?

#21 KiuaKwaKiua

Sawa kabisa, ndugu. Duara hata 23 na nusu linatosha. Fua nguo kwanza.